Sala ya Asubuhi na Jioni: ibada iliyolilea Kanisa la Anglikana Kongo

Kanisa la Anglikana la Kongo lilikaa miaka 76 bila dayosisi yake. Apolo Kivebulaya, mwalimu Mganda, alifika Boga, mashariki mwa Kongo ya leo, mwaka 1896. Dayosisi ya kwanza, Boga-Zaire (Zaire ni jina la Kongo la wakati huo), ikaundwa mwaka 1972 chini ya Askofu Philip Ridsdale. Katika muda wote huo askofu alikaa upande wa Uganda, na makasisi walikuwa wa kuhesabika. Ubatizo ulisubiri. Komunyo ilisubiri. Ibada ambayo haikumsubiri mtu ni Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, iliyoongozwa na mwalimu, katekista au mwinjilisti wa kijiji.

Historia ya kanisa hili mara nyingi husimuliwa kwa majina ya maaskofu. Ukiifuata mpaka kwenye uwanda wa Ruzizi katika Kivu Kusini, kwenye vituo kama Luberizi katika barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, utaona kwamba waliolibeba zaidi ni watu wasiovaa joho la uaskofu.

Kutoka kwa watawa hadi kwa wakulima

Asili ya sala hizi ni Uingereza ya karne ya 16. Watawa wa zamani walisali vipindi vinane kwa siku, kwa Kilatini. Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, alivipunguza vikawa viwili, asubuhi na jioni, katika lugha ya wananchi. Kitabu chake cha Sala kilitoka mwaka 1549, kikarekebishwa mwaka 1552, na kikapata sura yake ya kudumu mwaka 1662. Cranmer mwenyewe alichomwa moto Oxford tarehe 21 Machi 1556 kwa ajili ya imani yake.

Nia yake ilikuwa wazi: mkulima na fundi wasikie Biblia nzima kwa utaratibu, wala si vipande vipande. Zaburi zote 150 ziligawanywa zisomwe kwa siku 30, asubuhi na jioni. Kila ibada ikapewa somo la Agano la Kale na la Agano Jipya. Kasisi wa mtaa akaagizwa kupiga kengele kabla ya kuanza, ili watu wapate kuja kusikiliza Neno la Mungu na kusali pamoja na kasisi huyo.

Njia ya pwani na njia ya Buganda

Katika Kiswahili, kazi kubwa ilifanywa Unguja na Edward Steere, askofu kuanzia mwaka 1874 hadi alipofariki mwaka 1882. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na mahali pale pale likainuliwa kanisa kuu. Steere alitafsiri Agano Jipya na sehemu za Kitabu cha Sala, akazichapa kwa mitambo iliyoendeshwa na vijana waliookolewa utumwani. Maandiko yake hayakubaki pwani. Mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, alimsomea Kabaka (mfalme) Mutesa Injili kwa Kiswahili, maana Biblia ya Kiganda ilikuwa bado.

Biblia hiyo, kazi ya mmisionari George Pilkington na wenzake Waganda, ilikamilika mwaka 1896. Wakati huo Buganda ilikuwa imejaa nyumba ndogo za sala zilizosimamiwa na walimu wasio makasisi. Apolo alitoka katika kizazi hicho. Alibatizwa Januari 1895, na kabla mwaka wa pili haujaisha alikuwa Boga.

Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wamenyimwa chakula wakaondoka. Apolo, inasimuliwa, alikwenda na Biblia na jembe, ili alime mwenyewe. Alipigwa, akafungwa, nyumba yake ikachomwa, lakini alirudi. Chifu Tabaro aliyempinga baadaye akawa Mkristo. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Yaani kanisa la Boga lilianzishwa na mtu ambaye, kwa miaka yake ya kwanza, hakuwa na ruhusa ya kubariki mkate wala divai. Alichoweza kufanya kila siku ni kufundisha kusoma na kuongoza sala. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, na siku hiyo Waanglikana wa Kongo humkumbuka.

Kushuka kusini

Kanisa lilipotoka Boga kwenda miji ya kusini, lilihama pamoja na wafanyabiashara, watumishi wa serikali, wanafunzi na wakimbizi. Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Dayosisi ya Bukavu iliundwa mwaka 1976, Bezaleri Ndahura akiwa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1980 akawa askofu mkuu wa jimbo lililounganisha Burundi, Rwanda na Zaire. Mwaka 1992 Zaire ikapata jimbo lake.

Katika Kivu Kusini, Waanglikana waliwakuta Wakatoliki na Wapentekoste waliokuwapo tangu miaka mingi; wamisionari wa Sweden na Norway walianza huko miaka ya 1920. Ndiyo maana hadi leo Mwanglikana huulizwa na jirani yake: kwa nini msome sala kitabuni, Roho yuko wapi?

Jibu liko katika kazi yenyewe. Mwinjilisti hufungua kwa neno la Maandiko na ungamo. Hufuata Zaburi ya 95 asubuhi, zaburi za siku, masomo, wimbo wa Zakaria asubuhi, wa Mariamu na wa Simeoni jioni, Imani ya Mitume na maombi. Asiye kasisi hatangazi ondoleo la dhambi. Huliomba pamoja na waumini, akijihesabu mmoja wao. Bibi asiyejua kusoma huyashika maneno hayo kwa kuyarudia, na siku ya kukimbia huondoka nayo hata kama kitabu kimebaki nyumbani.

Na uwanda wa Ruzizi umekimbiwa mara nyingi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika milima iliyo juu ya uwanda huo, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, jirani ya Luberizi, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa katika ibada ya nje. Katika nchi ya namna hiyo, kuwaita watu kusali jioni ni jukumu zito: kiongozi huwajibika kwa roho zao na kwa usalama wa njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo kanisa lina deni kwa viongozi hawa. Wengi hulima ili wale, kama Apolo. Wapewe Biblia na kitabu cha sala kisichochanika kurasa, wapewe mafunzo karibu na wanakoishi, na parokia zianze sasa kuandika majina yao, vituo vyao na miaka waliyotumika, wakati wazee wanaowakumbuka wako hai. Orodha ya maaskofu wa Bukavu haijazi hata ukurasa mmoja. Orodha ya walioongoza sala vijijini itahitaji daftari zima, na ndani yake ndimo ilimo historia ya kanisa hili.