Riwaya ya Siku Thelathini, Kutoka Mbinga Hadi Liuli

Julai 1999, Mmarekani mmoja aitwaye Chris Baty na wenzake 20 wa eneo la San Francisco walijipa mtihani: kila mmoja aandike rasimu ya riwaya ndani ya mwezi mmoja. Mwaka uliofuata wakauhamishia Novemba, kwa kuwa huko kwao ni msimu wa hali mbaya ya hewa na mtu anashinda ndani. Lengo likawa maneno 50,000, yaani kama 1,667 kwa siku. Jambo la watu 21 likageuka shindano la dunia nzima, likajulikana kwa jina la NaNoWriMo. Mwaka 2025 shirika lililolisimamia likatangaza kwamba linafunga. Sawa, limefunga. Mwezi wenyewe haujafungwa, na mimi nimeamua kuutumia kuandika riwaya yangu ya kwanza, hapa Mbinga.

Niliposema hivyo kwa marafiki, jibu lilikuwa lile lile: haraka haraka haina baraka. Methali ni ya kweli, ila historia ya riwaya ina pande mbili. Oktoba 1866 Fyodor Dostoevsky alikuwa amebanwa na mkataba mbaya: asipokabidhi riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapishaji angepata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa. Akamwajiri binti mmoja mwandishi wa hatimkato, Anna Snitkina, akamsomea riwaya nzima kwa siku 26. Kitabu kile, *Mcheza Kamari*, kinasomwa hadi leo. Na Anna akaja kuwa mkewe.

Upande wa pili yupo mzee wetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Miaka ikapita, akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35! Ucheleweshaji ule haukuwa wa kalamu yake. Yeye alishamaliza kazi, na ndiyo maana palikuwa na kitu cha kuchapa siku mlango ulipofunguka. Nami najifunza hapo kwamba rasimu iliyokamilika inaweza kumsubiri mchapishaji, lakini iliyobaki kichwani inazikwa na mwenyewe.

Hata hivyo, sheria za San Francisco haziwezi kupandwa Umatengoni kama zilivyo. Kwanza Novemba. Huku Novemba ndiyo mwezi wa kuangalia mawingu. Mvua zinakaribia, mahindi yanataka mtu, na hakuna atakayekuelewa ukisema huendi shambani kwa sababu unaandika hadithi. Mwezi wa mtu wa Mbinga ni ule unaofuata mavuno ya kahawa, kabla jembe halijaita tena. Mimi nimechagua Oktoba.

Pili, hayo maneno 50,000. Kiswahili kinabeba mzigo mwingi kwa neno moja. "Nitakapokuandikia" ni neno moja kwetu. Kiingereza kitatumia matano au sita kusema jambo hilo hilo. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayefukuzia 50,000 anaandika kitabu kikubwa kuliko yule aliyetungiwa lengo lile. Nimejiwekea 35,000, ambayo ni kama 1,167 kwa siku. Kwa mwandishi wa habari aliyezoea makala ya maneno 800 kabla ya saa kumi jioni, hiyo ni makala moja na nusu. Inawezekana.

Sasa riwaya yenyewe. Kutoka Mbinga mjini unashuka milima hadi Mbamba Bay, kisha unafuata ufukwe kuelekea kaskazini hadi Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu majabali yake yaliwakumbusha Sphinx wa Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Waingereza wa Nyasaland walikuwa na meli ya vita moja, Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Rhoades alikwishapata habari za vita, akaja akaishambulia. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na habari hizo hakuwa nazo. Inasimuliwa kwamba alipiga makasia kumfuata, akifoka na kuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Vitabu vya Ulaya vinakisimulia kisa hiki kama kichekesho: walevi wawili, mizinga michache, ushindi wa kwanza wa majini. Ninavyokisoma, swali langu ni moja. Meli ile ya chuma ilivutwa nchi kavu na mikono ya nani? Walioishi kwenye ghuba ile walifanya nini mizinga ilipolia? Katika masimulizi hayo hawamo kabisa, kana kwamba Liuli ilikuwa mwamba mtupu. Na vita vilivyofuata, hadi 1918, viliwabebesha mizigo mamia ya maelfu ya Waafrika katika Afrika Mashariki. Wengi waliuawa na njaa na maradhi, si risasi.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa ufukweni huko. Hakuwahi kunitajia Guendolen hata mara moja. Alichonisimulia ni ndugu wa baba yake aliyechukuliwa kubeba mizigo, asirudi. Jina la utani alilikumbuka, la ubatizo hapana. Mwaka hakuujua. Kwa kazi yangu ya kila siku, hiyo si habari. Hakuna chanzo cha pili, hakuna hati, mhariri ataikata, na atakuwa na haki. Gazeti halina pa kumweka mtu huyo. Riwaya inapo, mradi niseme wazi kwamba ni riwaya na nisimsingizie mambo yasiyolingana na wakati wake.

Kiswahili kimewahi kufanya kazi hii. James Mbotela, katika *Uhuru wa Watumwa* cha 1934, alichukua masimulizi ya waliotekwa bara, baba yake Myao akiwemo, akayaweka kitabuni. Wakosoaji wamemlaumu kwa kuwasifia mno Waingereza, na lawama hizo zina msingi. Lakini tunaweza kubishana naye kwa sababu aliandika.

Wamatengo wanapotengeneza ngoro, hawaanzi na udongo. Wanafyeka majani, wanayapanga miraba mlimani, ndipo wanayafukia. Majani yanaoza, yanakuwa mbolea, na matuta yanazuia mvua isiporomoshe shamba. Rasimu yangu ya Oktoba itakuwa majani yaliyopangwa. Sitarudi nyuma kusahihisha hadi siku ya 31. Bibi ameshatangulia, na dada yake mmoja bado yupo Liuli. Nikishaweka kalamu chini nitashuka kumsomea sura ya mpagazi, aniambie ni wapi nimekosea.