HISTORIA YA AFYA, SEHEMU YA 5: Mkutano wa madaktari wa fizi unamhusu nini mama mjamzito?

Leo tunaingia kwenye fizi.

Kuna maneno nayasikia sana kliniki: "Nesi, nikipiga mswaki natoka damu, lakini si ni mimba tu? Nikijifungua itaisha." Na kuna swali jingine, hili la utani kidogo: hao madaktari wa fizi wanaokwenda mikutanoni na vitambulisho shingoni, wanakaa siku tatu wanajadili nini, fizi tu? Jamani, maswali haya mawili yanakwenda pamoja, na historia yake ina zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1910 daktari Mwingereza, William Hunter, alitoa hotuba Montreal, Kanada. Aliwashambulia madaktari wa meno kwamba wanafunika uchafu na usaha kwa dhahabu, na uchafu huo unaleta magonjwa mengine mwilini. Maneno yake yakaenea haraka, hofu ikawa kubwa. Kwa miaka mingi baadaye watu wengi waling'olewa meno, hata yale ambayo yangeweza kutibiwa.

Katika kipindi hichohicho, mwaka 1914, madaktari wawili wa meno wa Marekani walianzisha chama cha wataalamu wa fizi. Wote wawili walikuwa wanawake: Gillette Hayden wa Columbus, Ohio, na Grace Rogers Spalding wa Detroit. Kumbukeni, wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920. Yaani hawa walianzisha chama cha kitaalamu kabla hawajahakikishiwa kura! Jina la kwanza la chama lilibeba neno kinga, na msimamo ulikuwa huo: safisha kinywa, tibu fizi, jino libaki mahali pake. Mwaka 1916 Hayden akawa rais wa chama. Mwaka 1919 kikaitwa American Academy of Periodontology, na hadi leo kinaitwa hivyo.

Sasa mkutano wao unafanya nini? Mtu anasimama na alichokiona kwa wagonjwa wake, wenzake wanamhoji: umepima vipi, watu wangapi, umelinganisha na nani? Wakirudi kazini wanapima tena. Tangu mwaka 1930 wana pia jarida lao, kwa hiyo hata ambaye hakuhudhuria anaweza kusoma na kupinga.

Jarida hilo ndilo lililochapisha, mwaka 1965, kazi ya Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote fizi zikawa zimevimba. Wakarudishiwa miswaki, na baada ya wiki hivi fizi zikapona. Hapo ndipo ilipothibitika wazi: fizi inavimba kwa sababu ya utando wa bakteria unaoganda kwenye meno, na ukiutoa mapema, inapona.

Turudi kwa mama mjamzito. Homoni za mimba zinafanya fizi zichukie utando huo kuliko kawaida. Utando uleule uliouzoea kabla ya mimba, sasa unakutoa damu. Kwa hiyo ukisema "ni mimba tu", umetaja nusu ya sababu. Nusu nyingine unaweza kuitoa kwa mswaki.

Mwaka 1996 Steven Offenbacher na wenzake, Marekani, walichunguza akina mama 124. Wakaona waliokuwa na ugonjwa mkubwa wa fizi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa njiti au mtoto mwenye uzito mdogo. Habari hiyo ilitikisa kumbi za mikutano. Lakini hawakuishia kutishika, wakapima. Mwaka 2006 yakatoka majibu ya utafiti wa wajawazito 823. Nusu walitibiwa fizi wakiwa na mimba, nusu baada ya kujifungua. Watoto njiti walikuwa 12.0% kwa kundi la kwanza, 12.8% kwa la pili. Karibu sawa kabisa.

Msinielewe vibaya hapo. Kutibu fizi hakukupunguza njiti, na mtu akikuahidi hivyo usimwamini. Ila utafiti huohuo ulionyesha fizi zilipona vizuri, na matibabu yalikuwa salama kwa mama na mtoto. Kwa hiyo ile "subiri ujifungue kwanza" haina msingi.

Mwaka 2017 wataalamu zaidi ya 100 kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko walikutana Chicago wakapanga upya ugonjwa huu katika hatua 4, na kueleza bayana fizi nzima ikoje. Kipimo kimojawapo ni kilekile unachokiona kwenye sinki: damu. Sigara na kisukari pia vikaandikwa rasmi kuwa vinaharakisha ugonjwa.

Kwa hiyo mama, damu ikitoka usiache mswaki. Tumia mswaki laini, mara mbili kwa siku, ufike hadi kwenye mpaka wa jino na fizi. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, mwone daktari wa meno, umwambie una mimba ya miezi mingapi. Ugaga mgumu hautoki kwa mswaki, unakwanguliwa. Na mfupa unaoshika jino ukishaliwa, haurudi wenyewe baada ya kujifungua.

Sehemu ya 6 tutazungumzia kisukari cha mimba. Mpelekee hii mwenzio aliyeanza kliniki.