Karatasi Tatu za Rusimbi

Tarehe 25 Oktoba 2015, mpiga kura wa Rusimbi alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ACT-Wazalendo ilitwaa ubunge kupitia Zitto Kabwe, ikaongoza na baraza la madiwani. Lakini mgombea urais wa chama hicho hicho, Anna Mghwira, alipata kura 98,763 nchi nzima: asilimia 0.65.

Mghwira hakuwa mgombea wa kawaida. Kati ya wagombea wanane, alikuwa mwanamke peke yake, akinadi Azimio la Tabora lililokusudia kuhuisha misingi ya Azimio la Arusha la 1967.

Wengi hutaja jinsia yake na uchanga wa chama. Hayo yana uzito, lakini sheria nayo ina lake. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, rais hupatikana kwa wingi wa kura tu, bila sharti la kuvuka nusu wala duru ya pili. Taifa lilipogawanyika kati ya Magufuli na Lowassa, ambao kwa pamoja walizoa zaidi ya asilimia 98, kumchagua mtu wa tatu kulionekana ni kuitupa kura.

Duru ya pili isingemfikisha Mghwira Ikulu. Ingempa mwananchi nafasi ya kuchagua kwanza kwa imani yake, kisha kwa hesabu. Ndiyo maana madai ya Katiba mpya yanamhusu hata mvuvi wa Ziwa Tanganyika.