Pasi ya Bure, Barabara Isiyo na Basi

Januari 1909, posta za Ayalandi zilianza kuwalipa wazee pensheni: shilingi 5 kwa wiki, kwa masikini aliyetimiza miaka 70. Nchi ilikuwa bado chini ya Uingereza, na sheria ilikuwa imepitishwa London mwaka mmoja kabla. Umasikini ulikuwa rahisi kuuthibitisha. Umri ndio uliosumbua, maana usajili wa vizazi kwa watu wote ulianza mwaka 1864, na aliyezaliwa kabla ya hapo hakuwa na cheti.

Wazee wakajitetea kwa kumbukumbu. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839, dhoruba ilikuwa imekipiga kisiwa chao, ikang'oa miti na kuezua nyumba, nao wakauita Usiku wa Upepo Mkubwa. Aliyeweza kusimulia usiku ule alikuwa na hoja ya kumpelekea afisa wa pensheni. Bibi zetu waliozaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa wangeielewa hesabu hiyo bila mkalimani. Wapo pia, sina shaka, waliokumbuka upepo ambao haukuwahi kuwapuliza.

Pensheni ilipanda hadi shilingi 10. Mwaka 1924, nchi ikiwa imejitawala juzi tu na hazina ni tupu, waziri wa fedha Ernest Blythe aliwakata wazee shilingi 1. Shilingi hiyo ilimganda mpaka kaburini. Amekwisha kufa miaka mingi, na bado jina lake hutajwa kila serikali inaponyemelea posho za wazee.

Charles Haughey, waziri wa fedha wa mwaka 1967, alichagua njia nyingine. Katika bajeti ya mwaka huo alitangaza kwamba wazee wa pensheni watapanda mabasi na treni bila nauli, na watapunguziwa gharama ya umeme. Ulikuwa mpango wa mtu anayejua kupiga hesabu. Mabasi na treni zilikuwa za shirika la umma, CIÉ, na mwanzoni wazee hawakuruhusiwa kusafiri bure saa za msongamano, hivyo walijaza viti ambavyo vingekwenda vitupu. Serikali ikalilipa shirika fidia. Kura zilikuwa faida juu ya faida.

Mzee wa Dublin alipanda basi hata kwenda kunywa chai kwa mwanawe. Kule magharibi mambo yalikuwa tofauti. Reli ya Donegal ilikuwa imeacha kubeba abiria mwisho wa mwaka 1959, na mwaka 1961 zikafungwa za West Clare na West Cork, zote kwa sababu ya hasara. Kwa hiyo pasi iliwafikia wazee wa huko miaka michache baada ya treni kuondoka. Walikuwa na haki ya kusafiri bure katika chombo kisichopita kwao, na kadiri mtu alivyokaa mbali na daktari, ndivyo pasi yake ilivyomfaa kidogo. Sioni kosa kubwa zaidi ya hilo katika historia nzima ya mpango huu.

Marekebisho yalichukua miaka 35. Mwaka 2002 serikali ilianza kuvifadhili vikundi vya wenyeji viendeshe mabasi madogo vijijini, ambayo siku hizi yanajulikana kwa jina la Local Link. Mengine hayangoji watu kituoni: mzee hupiga simu mapema, basi likamfuata nyumbani, likampeleka kliniki, sokoni au posta, kisha likamrudisha. Dereva anawajua abiria wake, na asiyetokea mlangoni huulizwa hali. Pasi ile ile ya 1967 ndiyo inayoonyeshwa.

Kwetu, Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi zake 2,000. Ni hatua kubwa, na waliozipigania wanastahili shukrani. Lakini ukienda kijijini mwisho wa mwaka, muulize bibi yako bodaboda inamtoza kiasi gani siku ya kwenda kuzichukua.