Valvu ya moyo inavuja kidogo: lini uwe na wasiwasi?

Wasikilizaji wetu wa Handeni na Korogwe, moyo una valvu nne, milango inayopitisha damu upande mmoja tu. Ukiambiwa moja inavuja kidogo, usiogope; wengi huishi hivyo miaka mingi bila upasuaji, ila wanapimwa mara kwa mara.

Kwa watoto na vijana, chanzo kikubwa ni mafindofindo yasiyotibiwa, yakaleta homa ya baridi yabisi. Aliyeandikiwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 asiikatishe hata akijiona mzima: ndiyo inayozuia tatizo dogo lisikue.

Ukiishiwa pumzi ukilala, ukivimba miguu au ukizimia, wahi hospitali. Rufaa huenda Bombo, Tanga, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mjamzito, mwambie mkunga mapema.