Kitenzi cha Kuweza na Kiingereza cha Lumakanda

Makala haya yanakusudia kueleza chimbuko la tamko "can be able to", ambalo husikika kote nchini Kenya na ambalo walimu hulikata kwa wino mwekundu bila ya kulieleza. Lumakanda, Kakamega, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huo. Eneo hilo la Lugari lilikuwa ardhi ya walowezi wa Kizungu hadi lilipogawiwa wakulima Waafrika katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Wasemaji wa lahaja mbalimbali za Kiluyia walikutana hapo. Wakati huohuo, mwaka 1964, Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Mtoto aliingia darasani akiwa na kitenzi kamili: -nyala, kilichomo katika lahaja nyingi za Kiluyia, au -weza cha Kiswahili. Hiki cha Kiswahili hukubali kila wakati: ninaweza, niliweza, nitaweza, kuweza. Kiingereza sivyo. "Can", ambayo asili yake ilimaanisha kujua, kama tusemavyo "anajua kuogelea", haina wakati ujao wala kitenzi-jina. Hapo kale kitenzi-jina ilikuwa nacho. Kilipotoweka katika Kiingereza sanifu, pengo lilizibwa kwa "be able to". Mwanafunzi anayefundishwa maneno hayo kama visawe tu, asiambiwe kuwa la pili ni kiraka cha la kwanza, si ajabu akiyashona pamoja.

Lipo kosa jingine lililofichika zaidi. "Aliweza kuvuka mto" hutuarifu kwamba alivuka. "He could cross the river" hueleza uwezo tu. Tendo lililotimia lahitaji "was able to" au "managed to". Katika ukanushi tofauti hiyo hufifia, kwani "could not" yatosha. Hapa sarufi haikuvunjwa; kilichopotea ni habari yenyewe, na mwalimu aangaliaye sarufi peke yake hupita bila kuona.

Wala Kiswahili nacho si chepesi kwa mgeni. Akiambiwa pwani kwamba fulani "hawezi", huenda akauliza hawezi nini, kumbe mtu ni mgonjwa. Basi kosa la mwanafunzi lisihesabiwe kuwa ujinga. Mwalimu aanze na -nyala na -weza, ndipo aonyeshe mahali Kiingereza kinapoachana navyo.