Chakula cha Okidi: Sukari, Dafu na Chumvichumvi

Ndugu mkulima, wewe unayelima vanila kule Kagera, je, unajua kwamba mmea huo ni okidi? Ndiyo, ni wa ukoo mmoja na yale maua ya fahari yapandwayo kwenye vyungu. Sisi vanila twaipanda kwa kipande cha mmea, lakini wapanda maua walitaka mbegu, na mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula.

Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard akagundua siri: kuna kuvu anayeingia ndani ya mbegu na kuilisha. Mwaka 1922, huko Marekani, Lewis Knudson akaonyesha kwamba hata bila kuvu huota, mradi ipewe sukari na chumvichumvi kidogo ndani ya chupa safi. Baadaye maabara zikaongeza maji ya nazi, kwani yana vichocheo vya ukuaji. Haya haya maji ya dafu letu!

Basi, usije ukakimbilia kumwagia vanila yako sukari au dafu. Utaalika sisimizi tu. Mmea wenye majani hujipikia sukari wenyewe. Mizizi yake hutambaa juu juu, ikila majani yaozayo, na chumvichumvi ya kumwaga kwa kiganja, kama kwenye mahindi, huiunguza. Tandaza majani makavu na mboji, jembe likae mbali. Mwenye okidi ya chungu akitaka chumvichumvi, aikoroge iwe nyepesi sana, na chungu akinyweshe maji matupu kwanza.